Masafa Yenye Adabu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Minazi na Mazao Shirika, Bwana Uweis Aboud, uliyetoka Kilifi alfajiri ukafika hapa Malindi shati lako halina hata mkunjo mmoja. Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi, ambaye hakuweza kuja lakini kiti chake kipo na tunakiheshimu. Katibu wa kamati yetu, Bi. Sumeiya; mjumbe wetu wa kudumu kutoka Rabai, Mzee Nzai, shikamoo; machifu, manaibu wa machifu, na wale ambao mngekuwa machifu kama si mambo ya karatasi; viongozi wa dini na wa mila; wakulima wa minazi kuanzia Kaloleni mpaka Sabaki; kina mama wenzangu wa kikundi; wafanyakazi wote wa ofisi hii; mpishi na wasaidizi wake huko nyuma, ambao nawaomba kwa heshima wapunguze kelele za masufuria; mabibi na mabwana, itifaki yote imezingatiwa, na kama yuko aliyerukwa, basi na ajihesabu kuwa ndiye aliyetajwa wa kwanza.

(Makofi. Mzee mmoja anapaza sauti: "Mimi umeniruka!" Anajibiwa: "Basi wewe ndiye wa kwanza, baba, hongera.")

Kwa wasionijua, na sidhani wapo, mimi ni Bi. Mapenzi Kambi, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Uteuzi wa Masafa ya Laptopu za Ofisi, kamati ambayo kabla yangu haikuwepo na baada yangu sijui kama itaweza. Darasa nimeishia la saba, nalisema wazi, sina ninaloficha. Mbaazi na mahamri nimeuza miaka kumi na tisa penye kona ya kituo cha Kaloleni, na hakuna aliyekula akarudisha sahani ina kitu. Kisha wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wa wanawake katika Mamlaka hii, na leo nasimama mbele yenu kuzungumzia gigahezi. Nikikosea mahali, mwanangu Damaris yuko pale, mstari wa pili, mwenye blauzi ya samawati, atanirekebisha. Simama, mwanangu, watu wakuone.

(Damaris anainuka nusu, anakaa.)

Simama kabisa! Sikukuzaa nusu.

(Kicheko. Damaris anasimama kabisa. Vigelegele kutoka upande wa kina mama.)

Huyo ndiye fundi wa mitandao wa ofisi hii. Ana diploma ya miaka miwili kutoka Mombasa, na hakurudia mtihani hata mmoja, ingawa mwaka wa pili alifanya mitihani akiwa na tetekuwanga usoni. Ameajiriwa kwa kandarasi ya miezi mitatu mitatu, na hiyo mitatu imeshazungushwa mara nane. Leo basi Mheshimiwa Mkurugenzi amekuja na bahasha ya kaki, ile pale mezani, chini ya chupa ya maji, na ndani ya bahasha ile mna barua ya ajira ya kudumu, ajira yenye likizo, yenye matibabu, yenye kustaafu kama watu. Kinachotakiwa ili bahasha ifunguliwe ni jambo moja tu: fundi atie saini Fomu ya Kukamilika kwa Mradi, kisha Mwenyekiti, yaani mimi, nitie saini chini yake, kabla Mheshimiwa hajaondoka saa saba. Fomu iko hapa. Kalamu iko hapa. Fundi yuko pale. Kilichobaki ni hotuba, na hotuba ndiyo hii.

(Damaris anatikisa kichwa.)

Anatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Ndivyo nilivyomlea.

Sasa nirudi kwenye mada, maana Katibu ameanza kunitazama kwa jicho la ajenda. Mradi huu, ambao kwa jina lake kamili unaitwa Mradi Jumuishi wa Uteuzi, Uwekaji na Uimarishaji wa Mipangilio ya Masafa, ulizaliwa pale makao makuu yalipotuletea waraka, ukurasa mmoja, ukiagiza kila ofisi ichague mpangilio wa masafa ya laptopu zake na kuwasilisha uamuzi wake kwa wakati. Wengine huko kwingine wangesema hili ni jambo la dakika tano. Sisi hatukulitendea hivyo. Sisi tulikaa vikao kumi na kimoja, tukafanya pablik patisipesheni, yaani kuwaita wananchi watoe maoni, mara mbili, ya pili ikiwa ya kuwaomba radhi waliokosa ya kwanza, tukachora rodimapu ya hatua za mradi, na tukafunga safari ya kujifunza huko Sabaki, siku tatu, katika nyumba ya wageni ambayo tulisikia ina waifai.

(Sauti: "Mkajifunza nini?")

Swali zuri, baba. Tulimhoji mwenye nyumba ile kwa kina, tukamuuliza waifai yake inatumia masafa gani, naye akatujibu, "Mimi nilipewa neno la siri tu." Jibu hilo liliingizwa kwenye kumbukumbu kama maoni ya mtaalamu.

Sasa na nieleze, kwa lugha nyepesi, kama Damaris alivyonieleza jikoni nikichambua mchicha, maana yeye ana kipaji cha kueleza, hata alipokuwa mdogo alinisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa, mlangoni, akiniambia, "Mama, usisogee, hapo ndipo simu inaposhika," na kweli nikaongea na dada yangu wa Rabai nusu saa nzima bila kukatika, miguu tu ndiyo iliyokufa ganzi. Laptopu, ndugu zangu, huzungumza na kisanduku kiitwacho rauta kwa njia ya hewani, na njia hizo ziko mbili. Ya kwanza ni masafa ya gigahezi mbili nukta nne: hii ni ya polepole, ina msongamano kama soko la siku ya mnada, lakini hufika mbali na hupenya ukuta. Ya pili ni masafa ya gigahezi tano: hii ni ya kasi, haina msongamano, lakini haifiki mbali, na ikikutana na ukuta mnene husimama. Ndani ya laptopu mna mahali pa kuchagua: mbili nukta nne peke yake, tano peke yake, au automatiki, ambapo mashine yenyewe huangalia hali ilivyo ikachagua.

Fundi wetu alituletea ushauri wake katika kikao cha nne. Alisema, nami namnukuu, "Wazazi wangu, acheni kwenye automatiki, twende tukanywe chai." Ushauri mfupi, wenye heshima, na uliojadiliwa kwa vikao vinne zaidi.

Mzee Nzai ndiye aliyeanza. Akauliza, "Huyu Automatiki ni nani? Ameajiriwa lini?" Damaris akamwambia, "Si mtu, babu, ni laptopu inajichagulia." Mzee akavua kofia, akaiweka mezani, na anayemjua Mzee Nzai anajua kofia ikiwekwa mezani chai itapoa. Akasema, "Mimi nimekaa kamati za maji, za barabara, za mazishi, sijaona kitu kinajichagulia chenyewe kikachagua vizuri. Kikijichagulia, sisi tumekaa hapa kufanya nini?" Automatiki ikaondolewa kwa kukosa akidi.

(Mzee Nzai anainua mkono kupokea makofi.)

Zikabaki mbili, na hapa, Mheshimiwa Mkurugenzi, ndipo ofisi hii ilipoonyesha upevu ambao sidhani umeuona kwingine. Kama ujuavyo, tumepanga nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kuta zake unaweza kulala ndani ya dirisha ukajinyoosha, na tuna chumba cha kina mama upande wa ndani na chumba cha wanaume upande wa barazani. Wengi wetu tulielekea kuchagua mbili nukta nne, kwa kuwa inapenya. Basi Bi. Sumeiya, ambaye katika vikao saba alikuwa akiandika tu, akaweka kalamu chini. Akasema, "Ngojeni. Kinapenya ukuta?" Damaris akasema, "Ndiyo, Bi. Sumeiya." "Kinatoka kwa wanaume, kinaingia kwa wanawake?" "Ndiyo." "Kinapiga hodi?"

(Vigelegele. Mama mmoja: "Muulize tena!")

Damaris akamjibu kwa upole, "Bi. Sumeiya, si mtu, ni mawimbi tu." Akaambiwa, "Mawimbi ya nani? Sisi tunavua mitandio humo, tunanyonyesha humo. Kitu kinachoingia chumba cha wanawake bila kubisha hodi, kwetu sisi hata kama ni upepo tunafunga dirisha. Hicho kingine kikifika ukutani hufanyaje?" Damaris akasema, "Husimama." Bi. Sumeiya akaichukua kalamu yake. "Hicho ndicho kimelelewa," akasema. "Andikeni hicho."

Ndivyo, mabibi na mabwana, Malindi ilivyokuwa ofisi ya kwanza, kwa kadiri tunavyojua sisi wenyewe, kuchagua masafa kwa kigezo cha adabu. Wajumbe wote walikubali, isipokuwa fundi, ambaye hana kura.

(Makofi marefu. Mkurugenzi anaangalia saa.)

Naona Mheshimiwa anatazama saa, ni saa nzuri. Naharakisha.

Fundi alitukumbusha, na aliandika barua kabisa, kwamba kwa kuta hizi masafa ya tano yakianzia chumba kimoja hayatafika cha pili. Kamati haikupuuza. Tuliazimia kwamba kwa kuwa masafa yetu hayatoki chumbani mwao, kila chumba kipewe rauta yake; vyumba ni saba, rauta saba; ya nane kibandani kwa askari wa lango, ili asijione mnyonge; na ya tisa Rabai.

(Sauti: "Rabai kuna ofisi?")

Rabai hakuna ofisi, lakini kuna Mzee Nzai.

Nije kwenye takwimu, kwa sababu uongozi bila takwimu ni porojo. Laptopu zilizoainishwa ni thelathini na mbili. Laptopu zilizopangiwa masafa ya tano ni thelathini na mbili, sawa na asilimia mia moja. Tangu kamati ianze kazi, malalamiko ya intaneti kukatika katika ofisi hii ni sufuri. Laptopu zilizoibwa, sufuri. Laptopu zilizomwagikiwa chai, sufuri, na ninyi mnawajua wafanyakazi wetu na chai. Virusi, sufuri. Ukijumlisha yote, utekelezaji wa mradi umefika asilimia mia na kumi na nne, na hizo kumi na nne za juu sikuziomba mimi, zilitoka zenyewe kwenye hesabu.

(Sauti kutoka nyuma: "Mama Damaris, tuonyeshe hata laptopu moja tuipige picha!")

Ombi limepokelewa na litajibiwa kwa maandishi.

(Sauti ileile: "Na hizo rauta?")

Kwa maandishi pia. Ndugu yangu, hivi ni vitu vya hewani, havionyeshwi ovyo kama mapapai. Mradi una awamu. Awamu ya kwanza ni kuchagua, ya pili ni kuandika tulichochagua, ya tatu ni kukizindua, na leo tuko ya tatu. Hizo nyingine zitakuja zikikuta msingi upo.

Basi, bila kuwachosha, na kwa kuwa harufu ya wali inafanya kazi yangu kuwa ngumu, sasa naomba fundi wa mitandao, ambaye tumbo hili lilimbeba miezi tisa na wiki mbili, aje mbele atie saini fomu, Mheshimiwa afungue bahasha, na mimi mama yake nikiiona barua ile, Mungu akinichukua kesho sitamgombeza. Damaris! Njoo, mama.

(Makofi. Damaris anakuja mbele. Anaisoma fomu akiwa amesimama. Hachukui kalamu. Anamwinamia mama yake.)

("Mama, siwezi.")

Kipaza sauti kiko wazi, mwanangu.

("Nimeona. Mama, humo vyumbani hamna kitu. Wewe mwenyewe funguo unazo.")

Mheshimiwa anasikia.

("Ndiyo nataka asikie.")

(Minong'ono. Mkurugenzi anasema bila kunyanyuka: "Bi. Mwenyekiti, mwambie binti hii ni formaliti tu. Anaandika 'imekamilika', anaweka saini, tunakula.")

Umesikia, Damaris. Ni formaliti. Neno moja. Bahasha ile pale, mwanangu, naiona na wewe unaiona. Mara nane nimekusindikiza kuomba miezi mitatu. Tia neno moja.

(Damaris anachukua kalamu. Anaandika, si neno moja. Anageuza karatasi, anamalizia upande wa pili, anatia saini, anairudisha. Anabaki amesimama hapo hapo.)

Asante. Makofi jamani, mbona mmenyamaza? Ametia saini.

(Makofi machache. Mkurugenzi: "Nipe hiyo fomu, Bi. Mwenyekiti, tutaisoma ofisini.")

Utaniwia radhi, Mheshimiwa, utaratibu ni huu: Mwenyekiti hawezi kutia saini asilolisoma, na kwa vile nimesimama penye kipaza sauti, nitaisomea hapa hapa. Miwani yangu... ahsante. Inasema hivi. "Mimi, Damaris Kambi, fundi wa mitandao, nimekagua vyumba vyote saba, kibanda cha askari, na kwa simu nimeuliza Rabai. Laptopu nilizokuta: hakuna. Rauta nilizokuta: hakuna. Waya wa intaneti unaoingia katika jengo: hakuna. Vitu hivi havikuletwa, na nimeonyeshwa faili, havikuagizwa. Kwa hiyo masafa yaliyochaguliwa siwezi kuyaweka popote, na siwezi kuandika kwamba nimeyaweka."

(Masufuria yameachwa; mpishi anachungulia mlangoni.)

(Mkurugenzi anasogeza chupa ya maji, anachukua bahasha, anaitia mkobani, anafunga zipu.)

Mheshimiwa ameiweka bahasha mkobani. Mmeona nyote, na mimi nimeona. Macho yangu ni mazuri, miwani ni ya kusomea tu. Sitamlaumu, mkoba ni wake.

Ila kwa kuwa kipaza sauti bado ni changu, na hotuba yangu ilikuwa na ukurasa mmoja zaidi ambao sasa hauna kazi, nitasema lililobaki bila karatasi. Mnaiona hati hii? Hebu sogeeni. Mstari umenyooka, na karatasi haina mistari. Herufi zote zimesimama kama askari wa gwaride, hakuna iliyoegemea mwenzake. Mtu ameandika haya akijua kazi yake itatiwa mkobani, mbele ya kadamnasi, mama yake akimwomba vinginevyo. Ninyi wenye wana wenu wenye ajira za kudumu, nionyesheni wa kwenu aliyeandika hivi. Nangoja.

(Kigelegele kimoja, kutoka kwa Bi. Sumeiya.)

Nilidhani hivyo.

Kwa mujibu wa utaratibu, Mwenyekiti hutia saini chini ya fundi akiisha kusoma na kuridhika. Nimesoma. Nimeridhika. Mwanangu, nipe kalamu. (Anaandika polepole.) Ma-pe-nzi. Kambi. Yangu imeegemea kidogo, lakini iko chini ya yake, kwenye karatasi moja ya Mamlaka, na nakala tatu. Katibu, weka muhuri.

("Wallahi naweka," anasema Bi. Sumeiya. Unasikika mlio wa muhuri, mara tatu.)

(Mkurugenzi: "Bi. Mwenyekiti, unajua ulichotia saini?")

Najua, Mheshimiwa. Nilijua na kabla, tofauti ni kwamba sasa kuna karatasi. Kamati yangu ilipewa kazi ya kuchagua, ikachagua; fundi wangu alipewa kazi ya kukagua, akakagua; aliyepewa kazi ya kuagiza hakuwa mimi wala yeye, na jina lake limo ndani ya faili, sitalitaja, maana leo nimeshataja majina mengi na huyo nimeshamtaja, tena wa kwanza.

Kaulimbiu zetu zilikwisha kuchapwa kwenye fulana, kwa hiyo lazima tuziseme. Nikisema masafa, mnasema kasi! Masafa!

("Kasi!")

Masafa!

("Kasi!")

Laptopu!

(Sauti ya Mzee Nzai: "Hakuna!" Wote: "Hakuna!")

Vizuri sana, safi. Basi kwa niaba ya Kamati Ndogo, na kwa niaba yangu mwenyewe niliye mama wa fundi, nawashukuru wote: nakushukuru Mheshimiwa Mkurugenzi kwa kuja, na dereva wako kwa kukungoja, namshukuru mzabuni, popote alipo na kama alipata kuwepo, nawashukuru ninyi wakulima mlioacha minazi yenu mkaja kuzindua laptopu thelathini na mbili, rauta tisa na masafa ya gigahezi tano, vitu ambavyo havikuwahi kuwapo, na ambavyo leo, kwa saini mbili za nyumba moja, vimethibitishwa rasmi kwamba havipo. Wali upo, nimeuonja. Damaris, anza wewe kunawa, mwanangu, na wageni wakufuate.